Barua ya wazi kwa wasaidizi wapya wa daktari wa meno

Wanangu mnaoanza mafunzo,

Najua kinachowavuta ni kiti: taa imewaka, mgonjwa ameachama, nanyi mmeshika mpira wa kufyonza mate. Subirini kidogo. Kazi yenu inaanzia nyuma, kwenye karo, ambako mgonjwa haoni.

Vifaa vikitoka kinywani vilowekwe kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Kama mna jiki ya asilimia 3.5, changanyeni kikombe kimoja na vikombe 6 vya maji. Msivisahau humo hadi mchana. Klorini inakula chuma, na koleo likishika kutu kwenye kiungo linagoma kufunguka. Kisha sabuni na brashi, koleo likiwa wazi, maana damu iliyoganda kwenye meno yake inazuia mvuke usifike chini. Suuza, kausha, ndipo otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzi 121, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, 30 kwa vilivyofungwa. Dakika hizo zinahesabiwa joto likishafika, si pale unapobonyeza swichi. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wala msishindilie vifaa kama abiria wa daladala ya jioni, mvuke unataka njia. Pakiti ikitoka imelowa, irudi, hata kama utepe uliobandikwa juu yake umebadilika rangi. Utepe unaonyesha tu kwamba imepita kwenye joto.

Namba za meno zikaririni mpaka zitoke zenyewe. "Tatu sita" ni gego la kwanza la chini kushoto, yaani kushoto kwa mgonjwa. Wewe uliyemkabili unaliona kuliani. "Nne sita" ni mwenzake wa upande wa pili. Tamkeni tarakimu mojamoja, na mrudie kwa sauti kabla ya kukabidhi koleo. Jino zima likishang'olewa, samahani haitoshi.

Kuchukua umbo la meno kwa alijineti, ule unga unaokorogwa na maji ukawa uji unaoganda, nako kuna mitego yake. Dar au Mombasa, maji ya bomba saa nane mchana ni ya vuguvugu, na uji unaganda ungali bakulini. Tumieni maji yaliyopoa, pimeni kwa kijiko na kikombe vilivyokuja na unga, kisha ukandamizeni uji kwenye ukuta wa bakuli kwa karibu dakika moja kuondoa mapovu.

Sindano ya ganzi iliyotumika msiifunike kwa mikono miwili. Lazeni kifuniko juu ya trei, kiokoteni kwa ncha ya sindano, mkono wa pili ukiwa mgongoni. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye, toa taarifa saa hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kwisha.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3: ya pili mwezi mmoja baada ya kwanza, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo anayesubiri mpaka wiki ya kuingia kliniki ameshachelewa. Nendeni wiki hii.