Riwaya niliyoifunika kwa gazeti lako

Mhariri,

Msomaji aliyekuandikia juma lililopita alilalamika kwamba riwaya za wapenzi wa jinsia moja zinawafundisha vijana wetu mambo wasiyoyajua. Hakutaja hata moja aliyoisoma. Mimi nimesoma moja, na umri wangu huu wa miaka 56, na imeninyima usingizi, ila si kwa sababu anayoidhani yeye.

Ni Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta, mzaliwa wa Nigeria, iliyotoka mwaka 2015. Mpwa wangu aliiacha mezani kwangu akirudi chuoni. Kama aliisahau au aliniachia makusudi, sijui, na sikumwuliza. Niliifunika kwa gazeti lako, ukurasa wa michezo, ndipo nikapata ujasiri wa kuifungua ndani ya matatu ya Changamwe.

Ijeoma, msichana anayesimulia, anafiwa na babake mwaka 1968, Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria, ikipigwa mabomu. Mamake, kwa kuelemewa na msiba, anampeleka mji wa Nnewi kwa mwalimu mmoja akafanye kazi za nyumbani. Huko anakutana na Amina. Ijeoma ni Muigbo, Amina ni Mhausa wa upande wa pili, na vita bado vinawaka. Wanapendana, wanafumaniwa. Sitayasimulia hayo; anayetaka asome.

Aliyenichoma mimi ni mama. Anamchukua bintiye na kumfungulia Biblia, somo baada ya somo, kuanzia Mwanzo, kama anayekamua jipu. Wanafika Waamuzi 19. Nikaitoa Biblia yangu kabatini nikaisoma sura hiyo yote: suria wa yule Mlawi anasukumwa nje kwa wahuni ili mwanamume asalimike, asubuhi yuko chini mlangoni, mikono kizingitini, kisha anakatwa vipande 12. Jumuiya yetu ndogondogo tunakutana kila Alhamisi, na sikumbuki siku tuliyomwombea mwanamke huyo.

Mhariri, nilikuwa kiranja wa bweni kidato cha tatu. Usiku mmoja wa baridi nilimulika tochi nikawakuta wasichana wawili kitanda kimoja, blanketi moja. Majina yao yalimfikia matroni kabla ya kengele ya alfajiri. Walichapwa gwarideni, sote tukitazama. Mmoja alikuja kuchukuliwa na babake. Alijitwika sanduku la bati, na kufuli lake likawa linagonga, ko, ko, ko, hadi getini. Hakurudi. Walikuwa wakifanya nini? Mpaka leo sijui. Sikuuliza, na hakuna mtu mzima aliyeuliza.

Mwishoni mwandishi anaitaja sheria ya Nigeria dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, iliyotiwa saini Januari 2014, yenye kifungo cha hadi miaka 14. Yetu hapa Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka hiyo hiyo 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Nilikuwa nikisikia habari hizo redioni huku nakuna nazi, hazinihusu.

Mpwa alipiga simu Jumapili. Tukasalimiana, akauliza habari za mguu wangu, kisha kimya. "Shangazi, kile kitabu kipo?" Nikamwambia kipo, nimekimaliza. Akanyamaza tena. Halafu akasema likizo hii atakuja kwangu kwanza, kabla ya kwenda kwa babake.

Mama wa Changamwe,
Mombasa