Dawa ya uvimbe kutoka baharini: tuambieni imefikia hatua gani

Mhariri,

Mimi ni mgonjwa wa baridi yabisi. Asubuhi siwezi kukunja ngumi mpaka niloweke vidole katika maji ya moto, na vidonge vya kutuliza uvimbe vimeshanitia vidonda vya tumbo. Ndiyo maana habari yenu kwamba bakteria wa baharini wametoa dawa ya uvimbe niliisoma neno kwa neno. Haikusema popote dawa hiyo imejaribiwa kwa nani.

Mambo haya nayafuatilia. Mwaka 1994 watafiti walieleza dutu mbili, salinamidi A na B, zinazotengenezwa na bakteria wa jamii ya Streptomyces aliyepatikana juu ya mwili wa yavuyavu aitwaye Cassiopeia xamachana, huko Florida. Panya walipakwa sikioni kemikali ya kuwasha, na dutu zile zikazuia uvimbe. Matokeo mazuri kabisa. Lakini sikio la panya huvimba kwa saa chache tu, kwa sababu ya kile kilichopakwa juu yake. Viungo vyangu vinashambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, mwaka hadi mwaka, na mifupa inalika. Toka 1994 hadi leo, salinamidi haijawa dawa ya kuandikiwa mgonjwa.

Utafiti huu naupenda kwa moyo wote. Bakteria akishapatikana anaweza kukuzwa maabara, bila kumaliza yavuyavu wala kung'oa sifongo miambani. Na wapo waliofika mbali: dutu iitwayo salinosporamidi A, kutoka kwa bakteria Salinispora tropica wa matope ya bahari ya Bahamas, ilitangazwa mwaka 2003 ikafika hadi kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani. Hata hivyo, jaribio kubwa kwa wenye saratani ya ubongo halikurefusha maisha yao.

Naomba basi, habari ya namna hii ikija tena, aya ya kwanza iseme kama ni seli, panya au watu, na kama ni watu, ni wangapi. Siku ile ile habari yenu ilipotoka, mgonjwa mwenzangu alinipigia simu kuuliza kama aache metotreksati, dawa yake ya baridi yabisi, angoje hiyo ya baharini. Nimemsihi asiguse dozi bila daktari wake. Ningependa alisome hilo gazetini kwenu pia, kwa herufi kubwa kama zile za kichwa cha habari.

Msomaji wenu wa kila siku