Masega ya zamani ni mali ya mwenye gari

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikizunguka maduka ya spea ya Gerezani na Ilala kuulizia masega (kifaa cha kwenye ekzosi kinachopunguza sumu ya moshi wa injini) ya Toyota Noah yetu ya familia, na bei nilizopewa haziendani hata kidogo. Mapya ya kampuni yenyewe, kwa kuagiza, yanavuka shilingi milioni mbili. Yaliyotumika kutoka Japani hayafiki nusu ya hapo, lakini muuzaji hakuhakikishii chochote ukishatoka dukani. Yapo pia yasiyo na jina, ya kukata bomba na kuchomelea, ya bei ya chini kabisa. Na lipo jibu ambalo mafundi hawasubiri uliulize: "Mzee, hayo toa tu, gari litakuwa jepesi." Mmoja alisema kazi hiyo angenifanyia bure.

Kwa nini bure? Tangu lini fundi akalala chini ya gari la mtu, akakata chuma na kuchomelea bomba bila kudai hata hela ya soda?

Masega ni kauri yenye matundu madogo mengi, iliyofungwa ndani ya ganda la chuma kwenye njia ya moshi. Matundu hayo yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu kwa gari zima, ila ni gramu za madini ambayo dunia inayapata kwa shida, na rodiamu nyingi inatoka Afrika Kusini. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilifika karibu dola 29,000, zaidi ya mara kumi ya bei ya dhahabu wakati ule. Imeshuka sana tangu hapo, lakini wanunuzi wa masega bado wanatangaza biashara yao mitandaoni mchana kweupe, tena wanayataka yaliyokufa, kwa sababu madini hayafi pamoja na kazi yake.

Sasa piga hesabu. Fundi anatoa masega yako, anakuchomelea bomba tupu, anakutoza elfu thelathini, jioni anauza alichokitoa. Nani amemlipa nani? Marekani, ukibadilisha kifaa hiki, ni kawaida cha zamani kuhesabiwa thamani na kupunguzwa kwenye bili. Huku kwetu cha zamani kinaishia chini ya benchi la gereji, na mwenye gari anaona aibu kukidai, kama vile ameomba arudishiwe oili chafu.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Ninaowaamini ninao. Ila wapo ambao gari likilala kwao kwa ajili ya bushi, linatoka na sauti mpya ya ekzosi, na mwenyewe anajua baadaye sana.

Halafu hiyo hukumu ya "masega yamekufa" inatolewa haraka mno. Taa ya injini inawaka, gari linapimwa kwa kompyuta, inasomeka namba ya hitilafu P0420, basi kesi imekwisha. Namba hiyo inasema tu kwamba sensa ya nyuma ya masega inaona moshi usiotofautiana vya kutosha na ule wa mbele. Inaweza kuwa kweli masega yamechoka. Inaweza pia kuwa sensa imezeeka, au bomba limetoboka na linavuta hewa. Na hata yakiwa yamekufa kweli, mara nyingi kuna kilichoyaua: plagi au koili mbovu inayofanya injini imisi, petroli isiyoungua ikaenda kuwakia humo ndani mpaka kauri ikayeyuka, au injini inayokula oili, ambayo mabaki yake yanafunika yale madini. Mtu anayenunua mapya kwa milioni mbili huku koili ile ile ikiendelea kumisi, baada ya muda atarudi dukani kununua mengine. Kwa hiyo fundi aliyeanza na plagi kabla ya kutaja masega, mshike huyo.

Kuhusu wepesi wa gari: masega yaliyoziba yanakaba injini kweli, na ukiyatoa utaona tofauti. Masega mazima hayaibi nguvu ya kusikika kwenye Noah ya kupeleka watoto shule. Unachokipata ukiyatoa ni harufu, na taa isiyozimika mpaka sensa idanganywe kwa kusogezwa nje kidogo kwa kipande cha bomba. Bomba likichomelewa ovyo chini ya sakafu, monoksidi ya kaboni inaweza kupenya ndani, na viti vya nyuma wanakaa watoto. Gesi hiyo haina harufu.

Nchi zetu ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi, pamoja na kudhuru akili za watoto, huua masega, kwa hiyo bila kuiondoa vifaa hivi visingedumu kwenye magari yetu. Mafuta tukasafisha, sasa kifaa chenyewe tunakikata kwa grenda.

Simlaumu anayetoa kwa sababu hana hela. Milioni mbili kwa watu wengi ni ada ya shule, na mbele ya ada, moshi utangoja. Lakini basi alipwe thamani ya alichokiacha gereji, aiweke kwenye spea.

Ninachoomba ni kidogo. Gereji ziandike kwenye risiti kwamba spea iliyotolewa imerudishwa kwa mwenye gari, naye asaini. Wanunuzi wa masega watakiwe kuandika namba ya gari yalikotoka na kitambulisho cha muuzaji, na walipe kwa simu au benki. England na Wales zina sheria ya mwaka 2013 inayokataza wafanyabiashara wa chuma chakavu kulipa fedha taslimu. Sisi tunaolipia hadi mchicha kwa simu hatuwezi kusema ni kazi ngumu. Na ukaguzi wa magari, pamoja na taa, breki na matairi, ufike na kwenye bomba la moshi. Miaka yote ninayoendesha gari jijini hapa, sijaona mkaguzi akiinama kuliangalia.

Mzazi mwenye Noah,
Tabata, Dar es Salaam