Si dhoruba ya jua iliyomfungia mjukuu wangu ndani

Mhariri,

Nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka 27. Sasa nimestaafu, naanika dagaa hapa Kirumba. Naomba nafasi kuhusu ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye simu za watu wa mwaloni Mei 2024, na ambao kila jua likitajwa kwenye habari hufufuka.

Wasomaji watakumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 11 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua, yaani wimbi la chembe na sumaku linalorushwa na jua, ya kwanza kufika daraja la juu kabisa tangu Oktoba 2003. Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikazorota nchi nzima. Watu wakaunganisha mambo mawili yasiyo na undugu, maana intaneti iliangushwa na nyaya za chini ya bahari zilizokatika. Msemaji wa ule ujumbe akaongeza la tatu: ozoni, ile hewa ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua, imetoboka juu ya Ziwa Victoria, wenye ualbino wasitoke nje wiki nzima. Binti yangu akamfungia ndani mwanawe wa darasa la tatu, mwenye ualbino.

Ubaya ni kwamba bwana yule hakusema uongo mtupu. Jua likilipuka hurusha protoni, chembe ndogo mno, na hizo huweza kweli kula ozoni. Zikizama angani huvunja molekuli za nitrojeni na za maji, na vipande vyake ndivyo huishambulia ozoni. Vile vitokanavyo na maji hutoweka baada ya saa au siku chache. Oksidi za nitrojeni ni king'ang'anizi: kwenye usiku wa miezi wa ncha za dunia hakuna mwanga wa kuzivunja, basi hushuka taratibu zikiendelea kula. Setilaiti ziliona ozoni ikipungua namna hiyo tangu dhoruba ya Agosti 1972, na ile ya 2003 iliondoa zaidi ya nusu yake kwenye tabaka la juu, kilomita 50 na zaidi, upande wa ncha ya kaskazini.

Lakini soma tena: ncha. Protoni ina chaji ya umeme, na sumaku ya dunia huisukuma kuelekea huko. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo sumaku hiyo inakinga kuliko popote. Halafu huko juu hewa ni nyembamba mno. Ozoni nyingi inayotukinga imelala chini zaidi, kama kilomita 20 hadi 25, kwa hiyo hata huko kwenye ncha jumla yake hupungua kidogo tu.

Kinachomchoma mjukuu wangu ni jua la saa sita mchana la Mwanza, lile lile linalonikaushia dagaa kwenye chanja, liwe na dhoruba au lisiwe. Halihitaji kutobolewa chochote. Mtoto anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, Mei na Desemba vilevile, na mafuta hayo ndiyo yanayotusumbua kuyapata. Kuhusu hilo sijapokea ujumbe wa sauti hata mmoja.

Alikosa shule siku nne. Mama yake alikuja kukubali nilipomchorea sumaku na unga wa chuma kwenye karatasi, kama nilivyokuwa nikiwachorea kidato cha pili.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza