Kwa vikundi vya ukoo vya Moshi: msifunge daftari baada ya kununua kiti mwendo

Wanangu wa Kibosho, Machame, Uru na Old Moshi, nawasalimu.

Kijana akivunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka mtini, nyinyi huchanga haraka. Kiti mwendo kinanunuliwa, picha inapigwa, daftari linafungwa. Mungu awazidishie moyo huo. Lakini siku mnayolifunga ndiyo siku gharama zinaanza.

Kiti chenyewe kwanza. Kile cha kukunja, chenye vigurudumu vidogo mbele, ni cha sakafu ya hospitali. Masika yakishika, kwenye njia za vihambani, mashamba yetu ya migomba, vigurudumu vile vinazama topeni, kiti kinapinduka kifudifudi, na beringi zinaliwa na mchanga. Tafuteni chenye gurudumu kubwa la mbele, lililosogea mbali na miguu, na kisinunuliwe kabla mwenyewe hajapimwa nyonga na mapaja. Kiti kipana humlaza upande mpaka mgongo unapinda. Pale hospitali ya KCMC mafundi wa viungo bandia wanafundishwa tangu miaka ya 1980. Waulizeni kabla ya kulipa dukani.

Kwenye mto wa kukalia ndipo watu wanapokosea zaidi. Asiyehisi makalio hajui kwamba anaumia. Akishaketi, ingiza vidole kati ya mto na mfupa wa kalio. Ncha za vidole ziweze kucheza juu na chini walau milimita 5. Zikibanwa, mto huo haumfai hata kama ni mpya. Mto wa duara wenye tundu katikati msiununue kabisa, kwa sababu unazuia damu kufika palepale mnapotaka kupalinda. Akiwa kitini, kila nusu saa ainame kifua juu ya mapaja kwa dakika 2. Kitandani ageuzwe kila saa 2, usiku na mchana.

Na nani anamgeuza saa nane za usiku? Mama yake, au mkewe. Huyo ndiye aliyeacha biashara ya ndizi pale Mbuyuni, na kipato alichopoteza sijaona daftari lililokiandika. Kiandikeni.

Asubuhi na jioni akaguliwe makalio, kiuno na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo papaseni kwa mgongo wa mkono mkitafuta joto au ugumu. Alama isiyotoka ndani ya nusu saa, asipakalie wala kupalalia mpaka pawe sawa. Msipasugue. Kidonda kikishachimbika, uponyaji wake ni wa miezi, na bandeji zake zinaweza kula fedha kuliko mto mzuri.

Kibofu nacho mara nyingi hakimtii tena. Anayejipitishia mrija wa kutoa mkojo mara 5 kwa siku hufanya hivyo mara 150 kwa mwezi. Mirija ikimwishia, ataanza kunywa maji kidogo ili asijae. Mkojo unakuwa mzito, na maambukizi yanapanda hadi kwenye figo. Aliyeumia shingoni au juu kifuani akishikwa ghafla na kichwa kinachogonga na jasho usoni, mketisheni wima, mlegeze nguo, mkague kama mrija umejikunja au mfuko wa mkojo umejaa. Hiyo ni presha ya damu iliyopanda ghafla, nayo inaua. Isipotulia papo hapo, hospitali.

Nauli mnaijua: kiti hakiingii kwenye Hiace iliyojaa, kwa hiyo kila kliniki ni kukodi gari. Na halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu. Msaidieni kuandika maombi.

Kikao kijacho mweka hazina afungue ukurasa wenye jina la kijana: mirija, glavu, sabuni, pampasi, tairi na tyubu, gari la kliniki, posho ya anayemhudumia. Zidisheni mara 12. Jumla ikiwashinda, nunueni kiti cha bei ya kati, kinachobaki kiwe akiba yake. Na kikao hicho kikae uani kwake, pasipo ngazi, ili aseme mwenyewe kipi kitangulie.

Mzee wenu,
Moshi