Mto Nzoia hausomwi kwa kutazama juu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu kiwanda cha karatasi cha Webuye kikifuka moshi, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ile makala yenu kuhusu safari za mitumbwi na kayaki katika Mto Nzoia imenishinda kunyamazia. Eti "mto wa pori usioguswa". Usioguswa na nani? Tangu vilima vya Cherang'any na Mlima Elgon hadi Ziwa Victoria, kilomita zipatazo 257, unaguswa na wafuaji, wavuvi, miwa ya Mumias na ng'ombe wa shemeji yangu.

Agosti iliyopita mwanangu alikuja kutoka Nairobi akatulipia safari hiyo, shilingi 3,500 kwa kichwa, pesa kwa simu kabla hujashika kasia. Kiongozi wa safari alikuwa kijana wa miwani ya jua na maneno mengi. Akatazama juu, akasema, "Mzee, leo hakuna mvua, mto umelala." Mvua ya Nzoia, Mhariri, haitafutwi juu ya kichwa chako. Inanyesha Kitale na Cherang'any, mto unakotokea, huku sisi wa Budalangi, unakomalizikia, tukianika omena juani, kisha maji yanatuingilia bila hodi. Asubuhi ile yalikuwa mekundu ya tope, yamebeba povu na mabua ya mahindi. Mama mmoja aliyekuwa akifua alitupigia kelele turudi. Kijana akampungia mkono, akidhani anasalimiwa! Hatukufika mbali. Mkondo ulituswaga hadi kwenye mti ulioanguka, kayaki ikapinduka, na jaketi langu la kuokolea, lililofungwa kwa kamba ya katani kwa sababu kifungo kilishavunjika, likanipanda usoni likaniziba pua. Waliotuopoa ni vijana wa kuchota mchanga, wakatunyoshea mpini wa koleo. Nilipodai pesa, kampuni ilinijibu kwamba safari ilikamilika, ila mapema.

Hao vijana nawashukuru, ingawa mashimo yao yanazimaliza kingo za mto, na tuta la kuzuia mafuriko likibomoka tunaohama na magodoro ni sisi. Hilo nalo hamliandiki. Wala hamwandiki kuhusu watoto wa shule wanaovushwa kila asubuhi katika mtumbwi unaovuja, wamebanana, mmoja akikumba maji kwa kopo, hakuna jaketi hata la kamba ya katani. Mgeni wa saa mbili anavishwa hadi kofia ngumu.

Dawa ninayo. Anayetaka kuongoza watu mtoni abebe kwanza kasia la mzee wetu wa kuvusha, misimu miwili ya mvua, bila miwani. Akishahitimu, kila alfajiri ampigie simu mkulima yeyote wa mahindi kule Kitale amwulize kama jana kulinyesha. Simu ya dakika moja, basi.

Mwandishi wenu akitaka makala ya pili, aje anione. Lile jaketi sikulirudisha.

Mwalimu mstaafu,
Budalangi