Barua kwa Mwanaidi: kabla hujawawashia vijana Evangelion

Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na za nyumbani kwenu wote. Barua yako imefika na wasiwasi wako nimeuelewa: unataka kuwaonyesha vijana wa likizo Neon Genesis Evangelion, ile katuni ya Kijapani ya watoto wanaoendesha madude makubwa ya vita yaitwayo Eva, na unaogopa jioni nzima itaishia kwa kundi linalotaka Shinji awe na Rei kuzozana na linalotaka awe na Asuka, marubani wenzake, huku Shinji mwenyewe akitukanwa mwoga. Watazozana, hilo usilikwepe. TV Tokyo ilianza kuirusha Oktoba 1995, ikamaliza episodi 26 Machi 1996, na mpaka leo mashabiki wanatoana macho kwa hayo hayo.

Cha kufanya ni kuwapa swali moja kabla hujazima taa, nalo ni hili: huyu mtoto anamwomba nani kitu ambacho alipaswa kupewa na nani? Waliandike. Kila wakianza kupanga nani amfae nani, warudishe hapo. Marubani wana miaka 14 hivi, na karibu kila wanapoumizana, chimbuko lake ni mtu mzima aliyeondoka, aliyekufa, au aliyekaa palepale akanyamaza.

Jingine uliweke sawa mapema. Watoto wetu wengi wamelelewa na bibi au shangazi na wakakua salama, kwa hiyo ukisema "maskini Shinji, aliachwa kwa mwalimu," watakuuliza kwani tatizo liko wapi. Wana haki ya kuuliza. Kulelewa kwingine siko kulikomvunja. Kilichomvunja ni kwamba baba yake, Gendo, kamanda mkuu wa marubani hao, hamtafuti mpaka awe na kazi ya kumpa. Episodi ya 1 ionyeshe kwa ajili hiyo tu. Shinji anafika, anaambiwa apande lile dude au aondoke zake, na anapokataa anasukumiwa mbele Rei juu ya kitanda cha magurudumu, amefungwa bendeji mwili mzima. Anamshika, anatazama kiganja chake, kina damu. Hapo ndipo anakubali. Simamisha filamu uulize: amekubali, au amebanwa? Wale wa "si apande tu!" watapungua makelele.

Ningegawa siku mbili. Ya kwanza episodi za 1, 4, 6 na 9. Ya pili 12, 18, 22 na 24. Kila moja ni kama dakika 24 pamoja na nyimbo, hivyo ukiweka mazungumzo ya robo saa baada ya kila moja, tenga saa mbili na nusu hadi tatu. Jihadhari na hili: episodi za 21 hadi 24 zina matoleo mawili, la televisheni na lile lililorefushwa baadaye. Tafuta lililorefushwa, maana kwenye ya 22 linamweleza Asuka vizuri zaidi, ila lina dakika za ziada.

Za katikati wasimulie kwa mdomo. Usisahau ile ya 2, Shinji anapohamia kwa Misato, mkuu wake wa kazi mwenye miaka 29. Wanagawana zamu za kupika na kufua kwa mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, na karibu zamu zote zinamwangukia mtoto. Watacheka, nawe cheka nao. Kisha waulize katika nyumba ile mzazi ni nani. Misato anampenda kweli, sisemi hampendi, lakini anataka awe dada yake, mwenzake wa chumba na kamanda wake kwa pamoja, na mtoto hajui kesho ataamka na yupi.

Ya 4 ndiyo yenye mfano wa nungunungu, aliouanzisha mwanafalsafa Schopenhauer: wakisogeleana wapate joto miiba inawachoma, wakiachana wanakufa baridi. Mashabiki wameuimba mfano huu mpaka umechuja. Mimi ningewaelekeza kwenye stesheni mwishoni. Shinji ametoroka, amerudishwa, anapelekwa kupanda treni aondoke moja kwa moja, na treni inakwenda yeye amebaki. Anatazamana na Misato kwa muda mrefu, hakuna muziki, hakuna neno. Halafu anasema amerudi nyumbani, naye anamkaribisha. Basi.

Hapa ndipo mambo huharibika, nakuomba unisikilize. Evangelion ina picha zinazoganda. Hiyo ya stesheni ni moja, kuna ya lifti kwenye ya 22, karibu dakika nzima, na ya mwisho wa ya 24, kama dakika vilevile. Anayeshika rimoti atadhani intaneti imekwama, atabonyeza mbele, na atakuwa ameruka kitu kizito kuliko vyote katika episodi hiyo. Mwambie kabla. Na kama utaweka mtu wa kuwatafsiria Kiswahili, asiwe wa aina ya DJ wa vibanda vya video. Wale mabingwa wetu hawawezi kukaa dakika bila kutia neno lao, na hapa kunyamaza ndiyo kazi.

Ya 6 ipite haraka. Waone tu kwamba Rei, anayeishi peke yake kwenye chumba chenye bendeji za damu na dawa, ametunza miwani iliyopasuka ya Gendo kwa sababu Gendo aliwahi kuunguza mikono akimtoa kwenye chombo cha moto. Shinji naye anamtoa vivyo hivyo, na Rei anaposema hajui aweke uso gani, anamwambia atabasamu. Wanaodai hapo ndipo mapenzi yalipoanzia wanasahau kwamba sura ya kwanza Rei aliyoiona pale ilikuwa ya Gendo.

Kwenye ya 9 kaa. Asuka na Shinji wanafundishwa kucheza hatua zilezile ili washambulie pamoja kwa sekunde 62. Misato hayupo usiku ule. Asuka, kwa usingizi, anakuja kuangukia kando ya godoro la Shinji. Kijana anamsogelea, kisha anamsikia akimwita mama yake, na chozi linamtoka. Anarudi nyuma, anavuta shuka lake kwenda kulala mbali, akinung'unika kwamba kumbe naye ni mtoto tu. Mwenye kusema hivyo naye ana miaka 14. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine Shinji anapomwona Asuka kwa usahihi kuliko hapo, na bahati mbaya Asuka amelala, hasikii.

Siku ya pili, ya 12 na ya 18 zifuatane bila mapumziko. Katika ya 12 Gendo anamsifu mwanawe kwa redio, maneno machache tu kwamba amefanya vizuri, na Shinji anakiri baadaye kwamba labda ndiyo sababu anapanda. Asuka anamwona mjinga. Halafu ya 18. Eva mpya imeingiliwa na adui, na ndani yumo Toji, mwanafunzi mwenzake, aliyekubali ili dada yake mgonjwa ahamishiwe hospitali bora. Asuka anajua, Rei anajua, Misato anajua na anaahirisha kusema. Asiyejua ni Shinji peke yake. Anakataa kupigana kwa sababu ndani kuna mtu, na baba yuleyule wa sifa anaamuru mashine ichukue usukani na Shinji akiwa ndani yake, mikono ya Eva yake iponde kile alichokataa kukigusa. Kama kuna kijana bado anamwita mwoga baada ya hapo, muulize mwoga ni nani kati ya waliokuwa na habari.

Kabla ya ya 22 waambie wazi kuwa kuna mzazi aliyejiua na kwamba ruhusa ya kutoka ipo, hakuna wa kuulizwa. Na tafadhali usimuulize mtoto yeyote kama yamewahi kumkuta. Kama anataka atasema.

Mama yake Asuka aliharibikiwa akili baada ya jaribio la Eva, akawa anamlea mwanasesere akidhani ndiye binti yake. Siku Asuka anapochaguliwa kuwa rubani anakimbia kumpa mama habari, anamkuta amejinyonga. Sasa rudini kwenye lifti. Asuka na Rei wamesimama, kimya. Rei anasema usipoifungulia Eva moyo haitasogea. Asuka anamuuliza kama Kamanda Gendo akimwamuru afe atakufa, Rei anajibu ndiyo, na kofi linafuata pamoja na tusi la mwanasesere. Wengi wanasoma wivu wa kugombea mvulana. Hapana. Asuka alishawahi kuwekwa kando kwa ajili ya mwanasesere, na mbele yake amesimama msichana anayekubali kuwa mmoja. Akiyaelewa hayo kijana wa kundi lolote, kazi yako umeimaliza.

Ya 24, ya Kaworu, rubani mgeni, watabishana kama ni rafiki au mpenzi wa Shinji. Waache kidogo, kisha waonyeshe wakati wenyewe: Toji hayupo, Asuka ameanguka, Rei aliyerudi si yule, Misato ana yake. Kaworu anaingia mahali pasipo na mtu, anampa Shinji kila kitu ndani ya episodi moja, na katika episodi hiyohiyo anamwomba amuue.

Filamu ya Julai 1997, The End of Evangelion, usiwawekee. Ina mambo ya wakubwa, na yale Misato anayomfanyia Shinji akiwa anakufa si ya kumfanyia mtoto, hata mashabiki waseme nini. Ukipata Jumamosi ya ziada, weka filamu ya 2021, ya mwisho katika zile zilizoisimulia hadithi upya, ni dakika 155. Ile ya kijijini mwanzoni inatosha. Shinji haongei. Toji na Kensuke, wanafunzi wenzake wa zamani ambao sasa ni watu wazima, wanampa chakula na mahali pa kulala, na hawamdai chochote. Wasimulie kwanza filamu iliyoitangulia, ya 2012, kwa maneno machache, vinginevyo watapotea.

Niandikie kama huo ukumbi una mapazia. Ya 22 ina giza na mvua, na projekta ya kuazima mchana kweupe haitawaonyesha kitu. Kama hayapo, anzeni baada ya magharibi.

Wako,
Zuhura